Hivi tamthilia ikizeeka inakuwaga hivi au ni hii ya mama yangu tu?

mtoto_wa_mburahati:

Wakuu salaam. Naombeni mawazo maana nyumbani hakukaliki kwa sababu ya tamthilia.

Mama yangu ana miaka 67, mwalimu mstaafu, na ana tamthilia yake moja ya kibongo ambayo sitaitaja jina wenyewe wasije wakanisakama, ila ni ya siku nyingi, sizoni sijui ya ngapi sa hivi. Ikifika muda wake hakuna wa kugusa rimoti, mgeni akibisha hodi anaelekezwa kiti kwa mkono tu kama trafiki wa Ubungo enzi zile, salamu mpaka tangazo.

Sasa juzi kati mtoto wa kiume wa ile familia tajiri alipata ajali ya gari akalazwa, wiki mbili nzima yuko kitandani kafungwa bandeji uso wote kabaki macho. Siku ya kufunguliwa mama kasogeza stuli mpaka pua inagusa kioo. Nesi anazungusha bandeji, anazungusha, muziki unapanda, inatoka ya mwisho... mtu mwingine kabisa! Mrefu zaidi, mweusi zaidi, sauti nzito, na wote mle wodini wanalia kwa furaha "mwanangu umepona". Mama akanigeukia, "Huyu nani?" Nikamwambia ndo yule yule mama. "Yule yule wapi, yule ana mwanya. Hospitali gani hiyo inaziba mpaka mwanya?"

Tangu siku hiyo anamwita mpangaji. Hataki kabisa kumtaja jina lake. "Mpangaji leo kaenda kuposa." "Mpangaji kadhulumiwa shamba, na akome."

Basi na mimi ikabidi niwe nakaa naye niangalie vizuri, nikagundua sio huyo tu. Hii kitu inaanza ilikuwa ya mama mmoja ana genge Buguruni na wanawe, mambo ya kodi ya chumba, mchezo wa upatu, fumanizi za uani, yaani unaona kabisa ni kwetu. Sa hivi genge halipo, mama wa genge mwenyewe sijamuona sijui mwezi wa ngapi huu na hakuna hata anayemuulizia, watu wote wana ofisi na hakuna hata mmoja anayefanya kazi ikaonekana, ni kusaini mikataba na kutoleana bastola. Kabinti kao kalikuwa darasa la tatu kakapelekwa bweni Moshi, mwaka huu kamerudi kana digrii na mchumba. Na yule mjomba tuliyemzika (mama alilia kweli kweli siku ile, hakula) karudi, eti alikuwa Msumbiji.

Swali langu, waandishi wameishiwa? Au wanatuona mabwege? Na ni hizi zetu tu au hata za wenzetu ziko hivi?

---

kibanda_umiza:

Hahahaha mpangaji!! Mkuu nimecheka mpaka konda kaniangalia vibaya.

Za wenzetu ni hivo hivo bana. We uliangalia Sultan ile ya Waturuki iliyotiwa Kiswahili? Yule Hurrem mke wa sultani, wa mwanzo Meryem Uzerli, aliondoka 2013 kazi haijaisha, sizoni ya mwisho akaja Vahide Perçin. Wao angalau walipiga hesabu, wakarusha miaka mbele, Hurrem anatakiwa awe mtu mzima kwaio sura kubadilika unaweza kujidanganya ni uzee. Ila dada yangu mpaka leo ukimuuliza anakwambia Hurrem alikufa sizoni ya tatu, iliyobaki hiyo ni ya mtu mwingine.

Hapa kwetu tatizo bandeji. Wangesema tu kaenda Marekani karudi, Mbongo akirudi Marekani kabadilika nani atashangaa.

---

shangazi_ilala:

Mwanangu mpe pole mama yako, mimi namuelewa sana maana na mimi nilishagombana na TV.

Mie nilianza na The Bold and the Beautiful, kaka yangu alikuwa na lile dishi kubwa kama sinia la pilau la harusini linakamata Afrika Kusini, tunajazana sebuleni kwake wanawake wa nyumba nne. Ile ilianza Marekani mwezi wa tatu 1987, na Ridge mle ndani alikuwa Ronn Moss tangu siku ya kwanza. Kidevu kile wewe acha tu. Miaka 25 tunamwangalia anamuoa Brooke anamwacha, anamuoa Taylor anamwacha, anarudi kwa Brooke, halafu 2012 Ronn Moss akaaga kazi. Zikapita siku, mwisho wa 2013 akaja bwana mwingine Thorsten Kaye, anaitwa Ridge yeye sasa. Mie siku ya kwanza nilizima TV. Nikasema siwezi, huyu atanishika mkono mimi? (Maana nilikuwa najiona mimi ndo Brooke, msinicheke.)

Lakini ngoja nikwambie kitu ambacho sikutegemea. Nilivyorudi kuangalia baada ya miezi, Brooke ni yule yule Katherine Kelly Lang, na mzee Eric ni yule yule John McCook, hao wawili wako toka epsodi ya kwanza mpaka leo na zimeshapita epsodi 9,000. Brooke akamwangalia huyu mgeni kwa jicho lile lile alilokuwa anamwangalia yule wa zamani. Basi mie nikaamini. Yaani sio yeye aliyenifanya niamini, ni Brooke. Kwaio mwambie mama asimwangalie mpangaji, aangalie mamake mpangaji mle kwenye tamthilia anavyomtazama. Kama yule mama anaigiza kwa moyo, mpangaji atapata hati ya nyumba muda si mrefu.

Halafu Isidingo. Jamani ITV na Isidingo, nani hapa hakuangalia? Ilianza kwao Afrika Kusini 1998, SABC 3, hilo jina ni Kizulu maana yake hitaji. Mwanzo ilikuwa mambo ya mgodi wa dhahabu wa Horizon Deep, wachimba migodi, Wazungu na weusi wanajifunza kukaa mtaa mmoja maana ubaguzi ulikuwa umeondoka juzi tu hapo 1994. Baa ya Papa G. Hicho kilikuwa kitu cha watu. Miaka ilivyosogea mambo yakahamia zaidi kwenye kile kituo cha TV, matajiri, Barker Haines na visuti vyake na Cherel na roho yake mbaya, ile sura ya Cherel akitabasamu ujue kuna mtu anazikwa. Nilimpenda kumchukia yule mwanamke kuliko mtu yeyote niliyewahi kumchukia kwa kweli. Na katikati hapo Ashley Callie aliyekuwa anaigiza Lee Haines akafa kweli, ajali ya gari, Februari 2008. Hapo hakuna cha bandeji wala Msumbiji.

Ikafa yenyewe Machi 2020, SABC wakasema watazamaji wamepungua na mapato yameshuka. Miaka zaidi ya 21. Kwaio mwanangu genge la Buguruni kugeuka ofisi sio ajabu, mgodi wenyewe uligeuka ofisi.

---

nyuma_ya_kamera:

Naomba niingie hapa kwa sababu nimekula mkate wa hii kazi. Nilikaa miaka minne kwenye tamthilia moja hapa mjini (sio hiyo ya mama, na jina sitaji), kazi yangu ilikuwa kukumbuka. Nani kavaa nini, jeraha liko mkono gani, chai ilikuwa nusu kikombe au imeisha. Nina mafaili na mifuko ya rambo imeandikwa kwa maka peni, "epsodi 41, msiba, kanga ya njano, hereni HAKUNA".

Mtoto wa Mburahati umeuliza kama waandishi wameishiwa. Mara nyingine ndio, hatukatai. Ila mambo mengi unayoyaona kwenye stori hayajaanzia kichwani kwa mwandishi, yameanzia kwa mwenye nyumba.

Nakupa mfano. Tulikuwa tumekodi nyumba Mbezi Beach, ndo nyumba ya ile familia yetu kuu, sebule, jiko, ngazi, kila kitu. Elewa kwamba haturekodi kwa kufuatana, Jumatatu tunapiga sebule tupu ya epsodi nane, mwigizaji anabadilisha nguo mara nane kabla ya chakula cha mchana na analia misiba mitatu tofauti, Jumanne hospitali, hivo hivo. Sasa siku moja mwenye nyumba anapiga simu, mwanae anarudi kutoka Uingereza na familia, anataka nyumba yake, wiki mbili tuwe tumetoka. Mkataba ulivyoandikwa anaweza. Na sisi tumeshapiga nusu ya epsodi mle ndani!

Waandishi wakakutana Sinza usiku ule ule, wakaagiza supu, wakatoka na stori kwamba baba mwenye familia aliweka nyumba rehani kwa siri, benki imeichukua, familia inahamia vyumba viwili Mbagala. Ile siku ya kutoa vyombo nje tulirekodi tunatoa vyombo vyetu kweli, lile kochi unaloona linapandishwa kwenye kirikuu ndo linaenda stoo yetu moja kwa moja. Watu walilia nchi nzima. Yule jamaa aliyeigiza dalali wa mnada alitukanwa na mama muuza ndizi pale Mwenge, akakataa kumuuzia. Mpaka leo watu wananiambia ile ndo ilikuwa sehemu bora ya tamthilia, waliandika nani? Aliandika mwenye nyumba.

Nyingine. Mwigizaji wetu mkubwa kashika mimba, na kwenye stori ni mjane wa mwaka mzima, mtu wa dini. Miezi mitatu yote tunampiga nyuma ya kaunta, nyuma ya gunia la mchele, kashika sinia, kashika mkoba mkubwa, kuna sini moja anagombana na wifi yake huku kakumbatia mto wa kochi mwanzo mwisho. Mwezi wa saba haikufichika tena, tukampeleka China kufuata mzigo, si ana duka Kariakoo. Akarudi baada ya miezi mitano, mashavu hayo, wifi akamwambia "China imekukubali" na hilo neno halikuwa kwenye skripti, lilimtoka tu mwigizaji, tukaliacha.

Kuhusu kubadilisha sura. Mwigizaji akiondoka (anataka hela zaidi, kapata kazi kwingine, kaolewa mumewe hataki, kaumwa) kuna njia tatu, unamuua, unamsafirisha, au unaweka mwingine. Kumuua na kumsafirisha ni rahisi na mtazamaji anaelewa. Kuweka mwingine ni pale ambapo huyo mhusika kafungwa kamba na watu wengi, ana wake wawili, ana kesi mahakamani, ana deni, mtoto wa nje hajajulikana, ukimuondoa unaondoka na stori za watu sita. Nahisi mpangaji wa mama yako ni wa namna hiyo. Ile bandeji ni aibu ya waandishi tu, wanajaribu kukuomba radhi bila kusema.

Na hili la genge kugeuka ofisi, hapa ndo panaponiuma mimi binafsi. Sisi pia tulianzia mtaani, Tandale. Unajua kurekodi dakika tatu mtaani ni kazi gani? Mwigizaji kafikia pale machozi yanataka kutoka, inapita bodaboda. Rudia. Watoto wanakuja kuchungulia kamera, unawapa biskuti, wanakwenda kuitana na wenzao. Rudia. Mtu wa CD kaweka spika dirishani. Unamlipa azime, jirani yake akisikia kalipwa na yeye anawasha. Halafu inakuja ile sauti, "chuma chakavuuu, betri mboovu, friji bovuuu", baiskeli na kipaza sauti, taratiiibu, na hana haraka yule, anazunguka mtaa mzima na wewe umesimamisha watu 25 mnamsikiliza. Siku nzima mnatoka na sini mbili. Ofisini? Meza moja, laptopu imezimwa, kiyoyozi, mlango umefungwa, kimya. Sini kumi na mbili kabla ya saa tisa. Ndo maana familia zote za kwenye tamthilia zinatajirika. Zinatafuta kimya.

---

Mkude_Simba_damu:

nyuma_ya_kamera umeeleza vizuri lakini sikubaliani na wewe hapo mwisho, hizo ni sababu za mtu asiyetaka kujisumbua. Coronation Street ya Uingereza imeanza Desemba 1960 na mpaka leo ni mtaa ule ule, nyumba zimeshikana, baa kona, watu wa kawaida. Na yule Ken Barlow ni mwigizaji mmoja William Roache tangu epsodi ya kwanza, alikuwa kijana sa hivi ni babu wa zaidi ya miaka 90. Hawajaenda ofisini. Kwaio inawezekana, ni kwamba nyie mnapenda hela za haraka.

---

nyuma_ya_kamera:

Mkuu wale wamejenga mtaa wao wenyewe ndani ya uzio wa studio. Ule mtaa hauna bodaboda wala chuma chakavu. Nipe na mimi niujenge Tandale yangu Kigamboni huko uone kama nitaenda ofisini.

---

Mkude_Simba_damu:

Hapo umenishika 😂

---

binti_wa_tabata:

Mimi nauliza tu, kwanini zisiishe? Za Kimexico zilikuwa zinaanza, maskini anampenda tajiri, mama mkwe mbaya, harusi, kwisha, unalala. Hizi za kuendelea milele unajikuta unamfuatilia mtu hata humpendi tena kama ndugu wa mume. Miezi mingine nalipia kifurushi nikijua kabisa naenda kukasirika. Na ile umeme ukikatika pale pale, LUKU inasoma 0.2 na baba wa watu anakaribia kukiri mtoto ni wa nani... nilishawahi kukimbia na kanga moja kununua umeme kwa wakala nikarudi wameshaweka "itaendelea".

---

mzee_wa_redio:

Nyie vijana mmeongelea TV tupu, na TV yenyewe huku bara imeingia 1994 juzi tu. Sisi tulikuwa na redio. Twende na Wakati, Redio Tanzania Dar es Salaam, kuanzia 1993, mara mbili kwa wiki nusu saa. Dereva wa lori Mkwaju, mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu nyumbani anateseka. Mkwaju akaja kuugua UKIMWI, Tunu akasimama kwa miguu yake. Nilikuwa na duka la viatu Temeke, ikifika saa ya Mkwaju wateja hawanunui wanasikiliza, na mtaani kwetu mwanaume mwenye tabia hizo akipita wanawake wanaita "Mkwajuuu". Kuna mzee mmoja mpaka alihama nadhani kwa ajili hiyo.

Kitu wengi hawajui, Dodoma walikuwa hawaipati miaka miwili ya kwanza, kule redio ya Dodoma wakawa wanaweka vipindi vingine muda huo, makusudi, ili watafiti waje kulinganisha watu waliosikia na wasiosikia kama wamebadilika kwenye mambo ya uzazi wa mpango na UKIMWI. 1995 ndo wakafunguliwa. Shemeji yangu alikuwa Dodoma alikuwa akija Dar anashangaa tunamcheka nani huyo Mkwaju.

Na redioni hata mwigizaji akibadilika sauti kidogo, mvua ikinyesha juu ya bati hujui. Hakuna mwanya wa kuonekana. Mama yako huyu ni rika langu, muulize Mkwaju alikuwa na sura gani uone atakavyokueleza.

---

mtoto_wa_mburahati:

Aiseee asanteni wote. Nimemsomea mama nyuzi nzima jana usiku baada ya tamthilia, nikiruka ile sehemu ya mimba maana dada wa kazi alikuwepo.

Ya shangazi_ilala alisema "huyo mwanamke ana akili", na leo nimemuona kabisa anamtazama yule mama wa mpangaji badala ya mpangaji mwenyewe. Hajasema kitu. Ila kwenye tangazo akaniambia "kajitahidi kulia, kile chozi ni chake sio la dawa". Bado hajamtaja jina.

Ya nyuma_ya_kamera hakuniamini, anasema mtu mzima hawezi kubadilisha stori ya watu kisa kapigiwa simu na mwenye nyumba, nikamkumbusha sisi wenyewe tulivyohama Magomeni tukaja huku ilikuwa kwanini, akanyamaza.

Mzee wa redio wewe ndo umeniponza. Nilivyomuuliza Mkwaju alikuwa na sura gani kaanza, mrefu, kipara cha mbele, mashati ya vifungo viwili wazi, ana jino la dhahabu, anatembea hivi, akasimama akamuigiza pale sebuleni. Nikamwambia mama lakini ile ilikuwa redio. Akasema "we ulikuwepo?" Sasa anataka nimtafutie Twende na Wakati kwenye simu na mimi nimetafuta mpaka saa saba usiku sijaipata. Mwenye nayo hata kipande tu naomba aniinbox tafadhali, kesho Jumamosi tamthilia haipo na sijui tutaongea nini.